Juma Alipogeuka Mwajuma: Nilivyozalisha Boa

Dume wangu wa kwanza wa boa, nyoka anayefanana na chatu, niliuziwa kwa jina la Juma. Nilimweka na Kanga, jike niliyemlea tangu mdogo, kuanzia Novemba hadi Machi, na miezi yote hiyo wakalala kila mmoja pembe yake kama wapangaji waliogombania bili ya umeme. Nilibadilisha joto, nilipunguza chakula, nikaishia kulaumu baridi ya Leicester, hapa Uingereza. Mwezi wa nne nikampeleka Juma kwa daktari wa mifugo kwa sababu alikuwa anakoroma. Daktari akamgeuza mkia, akachukua kijiti chembamba cha chuma kilichopakwa mafuta, akakipitisha taratibu kwenye tundu la haja kuelekea mkiani. Kikaingia kidogo tu, kikagota. Kwa dume kingezama zaidi. Akacheka: "Huyu ni jike."

Aliyeniuzia hakupokea simu tena. Tangu siku hiyo nyoka yule anaitwa Mwajuma.

Lakini na mimi nilikuwa na uzembe wangu. Boa dume ana mkia mrefu, mnene pale unapoanzia, na pembeni mwa tundu la haja ana kucha mbili, mabaki ya miguu ya nyuma ya mababu zake. Jike naye anazo, ila ndogo. Dume huzitumia kumkuna jike ubavuni wakati wa kumbembeleza. Za Mwajuma nilikuwa nazitafuta kwa tochi.

Kwetu Tanga ukisema boa watu wanaelewa chatu, na mwanzoni sikuona haja ya kubishana. Tofauti kubwa nilimweleza mama kwenye simu: chatu hutaga mayai akayaatamia, ila boa, ambaye kwao ni Amerika ya Kati na Kusini, huzaa watoto wazima wakiwa hai. Mama akanyamaza kidogo.

"Anazaa kama mbuzi?"

"Kama mbuzi, mama."

"Na mkunga ni wewe?"

Mwaka wa pili nikapata dume wa kweli, Fundi. Kanga alikuwa na miaka mitano na kilo nne. Nikashusha joto la usiku hadi nyuzi 22, mchana nikaacha upande wa moto ufike 31, na baada ya wiki chache Fundi akaanza kazi yake. Mimba ikaingia. Kilichoniponza ni waya. Kihisio cha thamostati, kile kifaa kinachowasha na kuzima joto, kilikuwa kimeshikiliwa kwa gundi ya karatasi, Kanga akakisukuma mpaka kikaegemea chanzo chenyewe cha joto. Thamostati ikadhani kizimba kizima kinaungua, ikawa inazima umeme mapema, na mama mjamzito akakaa kwenye nyuzi 26 sijui kwa wiki ngapi. Mimi kila siku nilikuwa nasoma namba kwenye kioo cha thamostati na kuridhika. Alipozaa nilikuta watoto watatu wamekufa, mmoja uti wake umepinda, na mayai viza kumi na manne, yaani yasiyogeuka watoto, ya njano, magumu kiasi kama nta. Nilikaa sakafuni pale na mfuko wa taka mkononi muda mrefu.

Kanga nikampumzisha mwaka mzima. Wapo wanaomzalisha jike mfululizo, sikubaliani nao. Mnyama anayekaa miezi bila kula huku analisha watoto tumboni hukonda mpaka mgongo unatokeza.

Mara ya tatu nilifunga kihisio kwa kibanio cha chuma, nikaweka na kipimajoto cha pili kisichohusiana kabisa na cha kwanza. Tarehe 4 Machi, asubuhi kabla ya kwenda kazini, nikamkuta Kanga kavimba katikati kama amemeza paka. Nilikuwa sijamlisha. Huko ndiko kupevuka kwa mayai, na ukichelewa huoni kitu: jioni niliporudi uvimbe ulikuwa umekwisha. Tarehe 22 akajivua gamba. (Mtanzania ukimwambia hivyo anadhani unazungumzia siasa, ile kaulimbiu ya zamani ya CCM.) Kuanzia gamba hilo ndipo wafugaji huhesabu, kama siku 105 hivi.

Siku hizo ndizo zilizonishinda kuliko waya na vijiti. Hakuna cha kufanya. Kanga alikataa panya, akawa anaota joto nusu ya mwili ikiwa kichalichali, tumbo juu, na kila mgeni akaniambia nyoka wako amekufa. Mikono ilikuwa inaniwasha kumtoa nimpime uzito. Nikafunika kioo kwa khanga ya mke wangu ili nisichungulie.

Siku ya 107 ilikuwa tarehe 7 Julai. Alfajiri nilisikia harufu kabla ya kuona kitu, ile harufu kali ya nyoka aliyechokozwa. Niliinua khanga nikakuta watoto wametapakaa, wengine bado wamo ndani ya ngozi nyororo inayong'aa kama mfuko wa nailoni, wanaitoboa kwa pua, wanavuta pumzi ya kwanza, wanatulia. Ishirini na moja hai, mmoja mfu, viza viwili. Kila mmoja urefu wa rula na zaidi kidogo. Sikukata kitovu cha mtu. Niliwahamishia kwenye visanduku vyenye karatasi zenye unyevu, basi.

Tatizo la kufurahisha ni kuwagawa. Hapa Uingereza boa hahitaji leseni ya wanyama hatari, ila ukifanya biashara lazima uende halmashauri. Ndugu kadhaa wa Dar waliomba niwatumie. Nikakataa: boa yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, havuki mpaka bila vibali, na kisiwa cha Aruba mpaka leo kina boa waliofika kwa mikono ya watu wakazaana porini. Sitaki kuwa mtu huyo.

Baada ya wiki mbili walikuwa wamejivua gamba la kwanza, wakaanza kula vitoto vya panya. Wote isipokuwa mmoja, ambaye mama alimpa jina kwa simu: Sabasaba. Aligoma mara nne. Mara ya tano nilimwachia panya usiku, nikafunika kisanduku kwa taulo, nikazima taa. Asubuhi panya hakuwepo, na Sabasaba alikuwa na kinundu katikati.