Jina Nililoliandika

Nilikuwa na mwandiko unaosomeka, ndiyo maana mzee wa kijiji alinipa mimi kalamu.

Ilikuwa Mei 2020. Sisi watu wa Kano, tambarare iliyo karibu na Kisumu, tunaweza kufurikiwa hata siku ambayo kwetu halijadondoka tone. Mvua inapiga huko juu, Nandi na Kericho, Mto Nyando unatuletea maji yote, na udongo wetu mweusi ukishashiba haunywi tena. Mwaka huo Ziwa Victoria nalo lilikuwa limejaa kupita kiasi, mto ukakosa pa kumwaga. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, basi madarasa yakawa nyumba zetu. Tulilala familia nne katika chumba kimoja, barakoa zimetundikwa kwenye misumari ya ramani.

Siku moja afisa alifika na fomu. Wakulima walioharibikiwa waandikwe, alisema, serikali itawatumia pesa kwa simu. Jina, kitambulisho, nambari ya simu, zao, ekari, na mwisho kabisa, mwenye shamba.

Hapo pa mwisho ndipo palipotuumiza. Mashamba mengi ya kwetu bado yako kwa majina ya mababu waliozikwa zamani, na wanaolima, hasa wajane, mara nyingi wamekodi kwa msimu tu.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa amekodi ekari moja na nusu kwa mkopo wa chama, akalipa mwenye ng'ombe wa kulima, akapanda mahindi, akapalilia kwa mikono yake. Maji yalikaa shambani siku tisa. Mahindi yalianza kuwa manjano kutoka chini, na ukiung'oa mmea mizizi inanuka. Alikuja kwenye foleni na kitambulisho chake amekifunga ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shamba la nani?" afisa akauliza.

"Mwenyewe yuko Nairobi. Lakini aliyepanda ni mimi."

"Mama, fomu inataka mwenye shamba. Kijana, andika jina lake na simu yake."

Nilimtazama mzee wa kijiji. Alikuwa anaangalia miguu yake. Shangazi akanigeukia.

"Si uliniona nikipalilia, mwanangu?"

"Nilikuona, shangazi."

"Basi?"

Nikaandika jina la yule wa Nairobi. Nililiandika vizuri, herufi moja moja, na mpaka leo nikilikumbuka mkono unanifa ganzi. Yule afisa hakuwa mtu mbaya. Alikunywa uji nasi, akawapa watoto biskuti zake. Lakini aliyeitunga ile fomu, popote alipokuwa, alijali hati kuliko jembe, na mimi nilimsaidia. Ningeweza angalau kuandika pembeni kwamba shamba limekodiwa. Sikuandika.

Pesa ziliingia Oktoba. Tulijua kwa sababu majirani wawili walizipata siku hiyo hiyo. Shangazi alikaa na simu yake ndogo mapajani jioni nzima, akiizima na kuiwasha. Deni la chama alikuwa ameshalilipa kwa kuuza mbuzi wawili.

Januari mwenye shamba alikuja nyumbani kwa mazishi. Shangazi akaniita nimwandikie mapatano ya kukodi kwenye karatasi ya daftari, shamba lile lile, kwa sababu jingine la bei ile halikuwepo. Akaniambia niongeze sentensi moja: maji yakija tena, msaada wowote ni wa aliyepanda. Safari hii niliandika kwa moyo wote.

Yule bwana alisoma polepole. Akachukua kalamu mkononi mwangu, akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia sahihi chini.

Shangazi aliutazama ule mstari kwa muda. Kisha akavuta kidau cha wino karibu, akachovya kidole gumba.