Kiwanda cha pamba kikigeuzwa chuo

Huku Kanda ya Ziwa, jengo kuukuu la kiwanda likitajwa, wengi hufikiria vyuma chakavu au kiwanja cha kuuza. Mimi nina wazo jingine, la kuligeuza jengo hilo chuo, nililolipata nikisoma habari za Belval, katika mji wa Esch-sur-Alzette nchini Luxembourg, ambako tanuri la mwisho la kuyeyushia chuma lilizimwa mwaka 1997 na Chuo Kikuu cha Luxembourg kikahamia hapo mwaka 2015. Matanuri mawili bado yamesimama. La tatu lilifunguliwa vipande vipande likauzwa China. Maktaba, iliyofunguliwa mwaka 2018, imo ndani ya Möllerei, yaani ghala lililokuwa likihifadhi mawe ya chuma na makaa kabla hayajaingia tanurini.

Ukubwa wa vyuma vile haunishangazi sana. Kinachonivutia ni kwamba mwanafunzi anaweza kuifuata njia ya kazi kwa macho, kutoka ghalani hadi tanurini. Kiwanda cha kuchambua pamba nacho kina njia yake, na aliyewahi kupeleka pamba mbegu anaijua: mizani, ghala, chumba cha rola ambamo nyuzi huachanishwa na mbegu, mashine ya kushindilia marobota, na mwisho mlango wa kuyatolea kwenda kupakiwa kwenye reli, ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928. Mbunifu akiuvuruga mfuatano huo, kisha akasimamisha gurudumu moja getini liwe pambo, atakuwa amehifadhi kuta tu. Tena si kuta za wageni peke yao, kwani baada ya Victoria Federation of Co-operative Unions, yaani shirikisho la vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, kuundwa mwaka 1955 chini ya mwanaushirika Paul Bomani, wakulima wa kanda hii walimiliki viwanda vya kuchambulia pamba yao wenyewe.

Ugumu upo, nao uko juu ya kichwa. Chini ya bati, jua la saa nane halivumiliki darasani, na paa likiwa la asbesto, ni lazima livuliwe na mafundi waliofunzwa, wenye vifaa vya kujikinga, kabla mwanafunzi hajaingia, gharama inayoweza kumaliza fedha kabla dawati la kwanza halijanunuliwa. Kwa hiyo ningeanza na ghala peke yake, liwe maktaba, na chumba cha rola nikakifunga, mashine zikiwa mahali pake, hadi fedha ya paa lake ipatikane.