Cherehani ya Bibi: kumbukumbu ya mradi wangu, kutoka stoo hadi uani

Jumamosi ya kwanza

Leo cherehani ya bibi imetoka stoo. Tuliibeba watatu: mimi, mdogo wangu, na kijana wa bajaji aliyekuwa nje anamsubiri abiria wake akaona tunavyohangaika mlangoni. Miguu ile ya chuma ina uzito wa kukukomesha, na vigurudumu vyake vya chini vilikwishaganda kwa kutu, kwa hiyo kuisukuma haikuwezekana.

Ni Singer nyeusi ya kukanyaga. Babu aliinunua mkono wa pili enzi akifanya kazi kwenye shamba la mkonge njia ya Muheza, akamletea bibi hapa Ngamiani, Tanga. Mwaka gani, hapo pana kesi. Shangazi mkubwa anasema alikuwa ameshaanza shule, shangazi mdogo anasema dada yake hata kutembea alikuwa hajui vizuri. Nimewaacha na ugomvi wao.

Bibi aliishi kwa pindo za kanga. Watu walimletea doti asubuhi, jioni wanazifuata zimekatwa na kupigwa pindo, tayari kuvaliwa. Siku za sikukuu zilikuwa zinarundikana mpaka dirishani. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa kuzipeleka, na nilikuwa nalipwa kitumbua kimoja kwa safari. Tangu alipofariki cherehani haijaguswa, ila na kuku aliyetagia ndani ya droo msimu mmoja.

Hali yake: kichwa hakizunguki kabisa. Meza imevimba upande mmoja, ule uliokuwa chini ya bati linalovuja. Droo mbili za kushoto mchwa wamezila zikabaki kama biskuti. Mkanda wa ngozi haupo. Mahali pake bibi alikuwa amefunga kamba ya mkonge aliyoisokota mwenyewe, ncha zimeshonwa kwa uzi mweusi, mshono mzuri kuliko wowote nitakaoufanya mimi. Nimeivua, nimeiviringisha, nimeiweka kwenye kopo.

Usiku nikaisugua namba iliyogongwa kwenye kitako upande wa kulia. Inaanza na E, halafu herufi nyingine iliyolika. Mashine za Singer zenye E na herufi ya pili zilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, kati ya miaka ya 1930 na ya 1960. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1980, lakini stesheni ya treni iliyokuwa inawashusha wafanyakazi mpaka leo inaitwa Singer. Nilimwambia mke wangu. Akasema vizuri, sasa nitoe lile jichuma sebuleni.

Jumapili iliyofuata

Leo nimefanya ujinga, naandika ili nisiusahau.

Kichwa kilikuwa na utando wa kahawia, mafuta ya zamani yaliyokauka yakawa kama gundi. Nikachukua kitambaa, nikamimina spiriti, nikasugua. Uchafu ulitoka vizuri sana. Kitambaa kikageuka cha njano, nikafurahi, nikaongeza bidii. Kumbe ile njano haikuwa uchafu. Ilikuwa vanishi iliyokuwa inazishika nakshi za dhahabu, na spiriti inaiyeyusha kama maji yanavyoyeyusha sukari. Nilipoinua mkono, herufi ya kwanza ya SINGER ilikuwa imehamia kwenye kitambaa.

Sasa cherehani inaitwa INGER. Watoto wameshaipenda: "Baba, Inga ataamka lini?"

Kwa anayetaka kusafisha ya kwake: sehemu iliyopakwa rangi, ipake mafuta ya cherehani tu, yaache yalowe, kisha futa polepole kwa pamba laini. Mafuta ya taa weka kwa mashine za ndani, kwenye chuma kitupu. Spiriti iache dukani.

Wiki ya pili na ya tatu

Nimehamishwa. Harufu ya mafuta ya taa sebuleni ilimshinda mke wangu siku ya nne, kwa hiyo kichwa cha cherehani sasa kinakaa uani juu ya meza ya plastiki, chini ya mwarobaini, katikati ya kamba ya nguo na jiko la mkaa. Nilinung'unika. Lakini nikiri kwamba mwanga wa uani saa kumi jioni unashinda taa yoyote.

Kila tundu la mafuta nililitia matone mawili ya mafuta ya taa, nikasubiri, nikatia tena. Siku ya tano gurudumu lilijongea upana wa kidole. Siku ya sita likazunguka nusu. Siku ya saba, mama alikuwa anapeta mchele pembeni, likazunguka lote na sindano ikapanda na kushuka. Mama akaacha ungo akaja kuangalia. Hakusema kitu, alilizungusha mara mbili tatu mwenyewe, akarudi kwenye mchele wake.

Kilichokuwa kimekaba zaidi ni nyuzi. Nilifungua bamba la chini ya sindano, lile lenye tundu, na kati ya meno yanayovuta kitambaa kulikuwa na vumbi la pamba lililogandamana mpaka likawa gumu kama kizibo. Nilikichomoa kipande kizima kwa ncha ya pini. Kilikuwa na matabaka: juu pamba nyeupe, chini yake nyekundu, halafu mstari mwembamba wa buluu, halafu nyekundu tena na nyeusi. Shangazi mkubwa alikichukua akakiweka kiganjani. Ile buluu, akasema, ni sare za shule, mwaka ambao bibi alipewa kazi ya kushona sketi za darasa zima akalipwa nusu. Nyekundu na nyeusi ni kanga. Ile nyeupe ya juu hakuisemea, akanirudishia. Bibi alishona sanda mbili tatu za majirani mwishoni; nadhani ndiyo hiyo.

Siku tatu nzima nimepotezewa na washa moja, pete bapa ya chuma. Katikati ya gurudumu la mkono kuna nati kubwa, ukiilegeza gurudumu linazunguka bure ili ujaze bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, bila sindano kucheza. Nyuma ya nati hiyo kuna washa yenye masikio matatu kwa nje na vijino viwili kwa ndani. Niliivua kusafisha, nikairudisha, na tangu hapo nati ikikazwa haikamati: gurudumu linazunguka, sindano imesimama kama imesusa. Nilidhani nimevunja kitu. Dawa ni kuivua, kuigeuza nusu mzunguko, kuirudisha. Basi. Siku tatu.

Wiki ya nne

Mbao na mkanda. Seremala wa barabara ya nyuma amenitengenezea droo mbili za mninga na kubandua ule uvimbe wa meza, 45,000 kwa yote, na alichelewa siku tisa tu. Miguu nimeipiga brashi ya waya na kuipaka rangi nyeusi ya mafuta. Hakuna la ajabu hapo.

Mkanda mpya wa ngozi nimeupata kwa muuza vipuri vya cherehani, 7,000. Unaupitisha kwenye gurudumu kubwa la chini, unaupandisha kwenye matundu mawili ya meza, unauzungusha gurudumu la juu, unakata, unatoboa ncha kwa msumari wa moto, unaunganisha kwa kipini cha waya. Muuzaji alinionya niukate mfupi kidogo kuliko ninavyotaka kwa sababu ngozi mpya hurefuka. Niliona ananifanya mshamba nikaukata kwa kipimo changu.

Wiki ya tano

Inashona, lakini inaruka. Mishono mitatu mizuri, miwili haipo, mmoja mzuri, uzi unakatika. Nimebadilisha uzi. Nimekaza na kulegeza kile kidude cha kukaza uzi mpaka sikumbuki kilikuwa wapi. Nimefungua kesi ya bobini nikaisafisha kwa mswaki. Nimetazama video mpaka saa saba usiku za mzee mmoja wa kizungu ambaye cherehani yake inafanana na hii na haijawahi kuruka mshono hata mara moja, na nimeanza kumchukia.

Kukanyaga nako ni somo. Ukianza vibaya gurudumu linarudi nyuma, uzi unajikunja chini unakuwa kiota. Inabidi sehemu ya juu ya gurudumu ije upande wako. Miguu yangu hailielewi hilo.

Jumamosi, mkesha wa akika

Kesho ni akika ya mtoto wa mdogo wangu, kwa hiyo leo uani palikuwa hapatoshi. Mashangazi wote wawili, mama, wake zetu, majirani wanne, mikeka miwili, karai la viazi, sinia la vitunguu, gunia la mkaa, na redio ya mtu inayocheza taarabu. Mbuzi wamefungwa kwenye mwarobaini wangu. Cherehani niliisogeza ukutani, nikakaa nayo kimyakimya nikijaribu kipande cha shuka, nikitumaini hakuna atakayeniona.

"We mwanangu," shangazi mkubwa akaita kutoka kwenye mkeka, kisu mkononi, "hiyo mbona inaruka?"

Nikamwambia sijui, shangazi, nimeshajaribu kila kitu.

"Inasikika. Ya mama ilikuwa inasema taka-taka-taka. Hiyo yako inasema taka-ta, taka-ta. Sindano umeigeuza."

Nikasema nimeiweka kama ilivyoandikwa. Akainuka, magoti yakamlilia, akaja na harufu yake ya kitunguu saumu. Hakuinama hata kuangalia. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye sindano, juu mpaka chini, akaguna. Kwenye sindano kuna upande wenye mfereji mrefu na upande wenye ubapa. Uzi unaingilia upande wa mfereji. Ubapa unakaa upande wa pili, unakopita ule mdomo wa chini unaodaka uzi. Mimi nilikuwa nimeweka kinyume. Wiki nzima. Video zote zile.

"Nilikuwa namtungia mama uzi macho yake yalipoanza kuchoka," akasema. "Gizani naweza."

Akalegeza skrubu, akageuza, akakaza, akatunga uzi bila miwani kwa kuulamba ncha mara moja tu. Halafu akaniondoa kwenye kiti. "Mkono kwanza," akasema, akilivuta gurudumu la juu upande wake kwa kiganja. "Mkono ukishaanza, mguu unafuata wenyewe. Wewe unaanza na mguu kama unawasha pikipiki."

Taka-taka-taka. Wanawake wote wakanyamaza. Mtu akapunguza redio.

Mke wa mdogo wangu akaingia ndani akatoka na doti mpya aliyoletewa kwa uzazi, bado haijakatwa, imekunjwa kama ilivyotoka dukani. Shangazi akaikata katikati, akakunja ukingo mara mbili kwa kucha bila pini, akashona ncha ya kwanza moja kwa moja mpaka mwisho. Sindano niliyokuwa nayo ni namba 14, kwa pamba ya kanga inatosha kabisa. Mshono ulilala kama mstari wa kalamu. Ncha ya pili alinipa mimi. Imepinda pale katikati ambapo mbuzi alilia nikaangalia pembeni, lakini hakuna ulioruka. Nilihesabu.

Kipande kimoja kimekuwa mbeleko hapohapo. Mtoto alifungwa mgongoni mwa mama yake pindo ikiwa bado ina joto la vidole, akalala kabla viazi havijaisha.

Kufika saa mbili usiku jirani wa kushoto alikuwa ameleta doti tatu, wa kulia mapazia. Shangazi anasema atakuja kila Jumamosi, mimi kazi yangu ni kutia mafuta na kutochezea sindano. Ameliona na lile kopo lenye kamba ya mkonge, akaifungua, akaivuta kupima kama bado ina nguvu, akaifunga tena.

Mkanda wa ngozi umeanza kulegea. Muuza vipuri alikuwa sahihi. Jumatatu nitaukata nusu inchi.