Nilivyochagua mfumo wa duka langu la khanga mtandaoni

Swali la kwanza ninaloulizwa na wenzangu wanaouza mtandaoni ni hili: "Dada, tovuti yako umeitengeneza na nini?" Mimi huanza kuwajibu kwa swali jingine: wateja wako wanalipaje? Nimeona watu wanachagua mfumo kwa sababu ya rangi nzuri na picha zinazoteleza, halafu wanakwama pale pale mteja anapotaka kutoa hela. Mimi nilianzia kwenye hela, na ndiyo sababu nilifika nilipofika.

Nauza khanga. Mzigo mkubwa nauchukua Kariakoo kwa jumla, mwingine unatoka Unguja na Mombasa. Wateja wangu wengi wako Dar, Dodoma, Mwanza na Arusha, na kuna kundi la ndugu zetu walioko Muscat na Uingereza ambao wakipata harusi au arobaini huagiza doti nyingi kwa mkupuo. Biashara ilikuwa inaendeshwa Instagram na WhatsApp, kama ilivyo kwa wauzaji wengi hapa kwetu, na ilikuwa inalipa. Kilichonisukuma kutafuta duka kamili ni aina ya bidhaa yenyewe.

Khanga haiulizwi kama gauni. Mteja haandiki "nataka ile nyekundu". Anaandika, "Ile ya Nani kama mama bado ipo? Ya kijani?" Jina moja linaweza kuwa na rangi nne, kila rangi doti chache, na nyingine imebaki doti moja tu. Mwingine hajui rangi kabisa, anataka jina litakalomfikia wifi yake barabara. Instagram haina namna nzuri ya kutafuta khanga kwa jina ndani ya ukurasa wako, wala haikwambii kilichobaki stoo. Nikawa napekua picha za miezi iliyopita kumjibu mtu mmoja, huku wengine kumi wanasubiri. Kwa hiyo nilijua ninachohitaji: mahali ambapo mteja ataandika "tamaa sikati", aione khanga yake, aone rangi zilizopo, alipe kwa simu, basi.

Niliangalia kwanza masoko ya mtandaoni, yale ambayo unapanga bidhaa zako pamoja na wauzaji wengine. Hapa sikukaa sana. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na waliokuwa wanaitegemea ilibidi waanze upya kuwatafuta wateja kwingine. Jiji ipo na ina watu wengi, lakini ni ya matangazo: mtu anaona tangazo, anakupigia, mnaelewana. Kwa friji au gari ni sawa kabisa. Kwa khanga zenye majina mia na rangi zake, hapana.

Shopify, huduma ya kulipia inayokupa duka la mtandaoni lililo tayari, niliichunguza kwa makini, na ninaiheshimu. Mmoja wa waanzilishi wake, Tobias Lütke, alikuwa anataka kuuza mbao za kuteleza kwenye theluji huko Kanada mwaka 2004, hakupata programu iliyomridhisha, akaandika ya kwake. Mwaka 2006 akaifungulia wafanyabiashara wengine. Unaona wazi kwamba imetengenezwa na mtu aliyewahi kufungasha mzigo. Ukijisajili leo, jioni una duka. Ulinzi wa tovuti, nakala rudufu, masasisho, yote ni kazi yao, wewe unauza tu.

Shida ilikuja kwenye hesabu. Ada ya kila mwezi inakatwa kwa dola kwenye kadi, na mimi nauza kwa shilingi. Halafu huduma yao ya malipo, Shopify Payments, haipo Tanzania. Maana yake unaleta kampuni nyingine ya malipo, na kwa mpango wao uitwao Basic, Shopify wanachukua asilimia 2 ya kila malipo yaliyopita huko, juu ya makato ya kampuni yenyewe ya malipo. Kwenye doti ya shilingi 25,000 hiyo ni shilingi 500 kabla hujakatwa mengine. Ukiwa na bidhaa yenye faida nene, 500 hutaiona. Kwenye khanga unaiona. Malipo yanayofanyika nje ya mfumo, kwa mfano mteja kulipa mzigo unapofika, hayakatwi hiyo asilimia, na wapo wanaoendesha duka kwa njia hiyo. Mimi nilitaka mteja alipe kabla boda hajawasha pikipiki.

Ikabaki WooCommerce. Hii ni plagini, yaani programu ya kuongezea, ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti. Ilitoka mwaka 2011 na tangu 2015 iko chini ya Automattic, kampuni ileile inayoendesha WordPress.com. Programu yenyewe ni ya bure. Unalipia domeini (jina la tovuti yako), hostingi (mahali tovuti inapokaa), na fundi kama huwezi mwenyewe. Kilichonivuta ni kwamba kampuni za malipo zinazofanya kazi na mitandao yetu ya simu, Pesapal na Flutterwave kwa mfano, zina plagini zake, na WooCommerce hawachukui asilimia yoyote wewe ukitumia kampuni hizo. Unabaki na makato ya mtu mmoja.

Ila sikuamua kwa karatasi. Nilitengeneza duka la majaribio kwenye mifumo yote miwili, nikaweka khanga zilezile, nikampelekea simu mama mmoja wa Magomeni, mteja wangu wa siku nyingi, nikamwomba anunue huku mimi nimekaa pembeni kimya. Kutafuta khanga hakukumsumbua popote. Akaweka kwenye kikapu, akabonyeza kulipa, ikafunguka fomu: jina la kwanza, jina la mwisho, anwani mstari wa kwanza, anwani mstari wa pili, jiji, postikodi. Akaiangalia sana, kisha akanirudishia simu.

"Mwanangu, haya yote ya nini? Si nikuelekeze tu? Wewe kwangu unapajua, nyuma ya msikiti."

Kwa kweli postikodi tunazo, na mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya Anwani za Makazi, vibao vikawekwa mitaani. Lakini boda wa Dar bado anaelekezwa kwa kituo, msikiti, na duka la kona. Fomu inayomdai mama wa Magomeni postikodi inamfukuza dukani hela ikiwa mkononi. Kwenye WooCommerce niliweza kuifumua fomu ile yote: jina, namba ya simu, mkoa, na nafasi moja iliyoandikwa "Tuelekeze unapokaa". Shopify nao wanakuruhusu kupunguza vitu kadhaa, ila kuibadilisha sehemu ya malipo kwa kina ni mpaka uwe kwenye Shopify Plus, mpango wao wa biashara kubwa, na bei yake si ya muuza khanga. Nilipompelekea tena yule mama fomu fupi, alimaliza mwenyewe, na kwenye kuelekeza aliandika maelezo ambayo boda yeyote angefika nayo usiku.

Hapo nikaamua WooCommerce.

Malipo yanakwenda hivi: mteja anaandika namba yake, anachagua M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas ambayo zamani ni Tigo Pesa, au HaloPesa. Ombi linaingia kwenye simu yake, anaweka namba ya siri, oda inabadilika yenyewe kuwa imelipwa. Hakuna kutumiana skrinshoti za muamala. Hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu meseji za muamala za kughushi zimewaumiza wauzaji wengi, na hela ikithibitishwa na mfumo huna haja ya kumshuku mteja wako.

Kabla ya kukupa huduma hiyo, kampuni ya malipo itakuomba TIN, leseni ya biashara, na cheti cha usajili kutoka BRELA. Anza na karatasi hizi mapema, hata kabla ya kumtafuta fundi. Tovuti unaweza kuimaliza haraka, halafu ikakaa inasubiri leseni. Waulize pia mambo matatu kabla ya kusaini: makato ni asilimia ngapi kwa simu na ngapi kwa kadi, hela inafika benki baada ya siku ngapi, na mteja akirudishiwa hela makato yanabebwa na nani. Swali la mwisho ndilo watu wengi hulisahau, nami niliwahi kuona linajibiwa kwa kuzungukazunguka. Ukijibiwa hivyo, tafuta kampuni nyingine.

Kuna mipangilio midogo ambayo hakuna atakayekwambia, na inabeba duka. WooCommerce inaitambua shilingi ya Tanzania, lakini ikiachwa ilivyo inaweza kuandika bei kwa senti: 25,000.00. Mteja wa simu ndogo anaona tarakimu nyingi anashtuka. Nenda kwenye mipangilio ya sarafu, weka desimali sifuri.

Nyingine ni muda wa kushikilia mzigo. Mteja akiweka oda bila kulipa, mfumo unamshikia ile doti kwa dakika 60, kisha unaifuta oda na kuirudisha doti dukani. Kwa bidhaa zilizojaa stoo, dakika 60 hazina neno. Kwangu, ambako rangi fulani imebaki doti moja na kuna bibi harusi anaihitaji leo, saa nzima ni ndefu mno. Nimeshusha hadi dakika 20. Sikushusha zaidi kwa sababu mitandao ya simu huwa inachelewa, hasa mwisho wa mwezi, na mtu aliyekwishaweka namba ya siri hastahili kuambiwa mzigo umeuzwa.

Picha nazo. Khanga lazima ipigwe ikiwa imekunjuliwa yote, pindo, mji na jina vyote vionekane, na kipande kimoja kipigwe karibu ili mteja aone kitambaa ni kizito au chepesi. Picha nzuri ni nzito, na mteja anatumia bando lake mwenyewe kuifungua. Ninazipunguza na kuzihifadhi kwa WebP, muundo wa picha ulio mwepesi, kabla ya kuzipandisha, na ukurasa mmoja hauna zaidi ya khanga kumi na mbili. Jina la khanga ninaliandika kwa herufi kwenye kichwa cha bidhaa, maana mfumo hausomi maandishi yaliyomo kwenye picha.

WhatsApp sikuiacha, na wala sishauri mtu aiache. Katalogi ya WhatsApp Business inabeba hadi bidhaa 500, na mteja wa Kitanzania anataka kusalimiana kabla ya kununua. Mtu anauliza, tunaongea, namtumia kiungo cha khanga ileile, analipia kwenye tovuti. WhatsApp ndiyo kaunta, tovuti ndiyo stoo na droo ya hela.

Kwa usafirishaji nimeweka kanda. Dar ni boda, bei kwa umbali. Mikoani mzigo unapanda basi kituo cha Magufuli pale Mbezi, na mteja anatumiwa namba ya gari na namba ya mzigo. Muscat na Uingereza ninatoza kwa uzito, nao hulipa kwa kadi kupitia kampuni ileile ya malipo. Makato ya kadi ni makubwa kuliko ya simu, nami nimeyaingiza kwenye bei ya kusafirisha nje badala ya kupandishia wateja wote.

Sasa ubaya wa WooCommerce, maana upo. Kila kitu ni juu yako. Masasisho ya WordPress na ya plagini usipoyafanya, unaacha mlango wazi kwa wadukuzi. Ukiyafanya bila nakala rudufu, siku moja plagini mbili zinagombana na ukurasa wa malipo unapotea. Mimi nafanya masasisho asubuhi ya Jumatatu, siku ambayo mauzo huwa ya chini, baada ya kuchukua nakala na kuihifadhi nje ya hostingi. Kisha nanunua doti moja mwenyewe mpaka mwisho, kuhakikisha ombi la malipo linaingia kwenye simu. Mtu ambaye hana muda wa kazi hii, wala hela ya kumlipa fundi kila mwezi, namwambia bila kusita achukue Shopify, hasa kama wateja wake wengi wako nje na wanalipa kwa kadi.

Na domeini iwe kwa jina lako, na barua pepe yako. Nina mwenzangu ambaye domeini yake ilisajiliwa kwa jina la fundi. Walipokosana, duka lilizimika na namba za wateja wote zikabaki upande wa pili. Namba hizo pia ni dhamana uliyopewa na watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na muuzaji mdogo naye anapaswa kuilinda orodha yake. Kwangu mwenye kuiona ni mimi na kijana wangu wa oda tu.

Kila mwisho wa mwezi natoa faili la CSV, yaani orodha inayofunguka kama jedwali la Excel, lenye bidhaa zote, na jingine la oda. Shopify inapokea bidhaa kwa CSV, na mifumo mingine mingi pia. Wateja wa Muscat wakizidi wa Dar, nitapiga hesabu upya, na mzigo wangu wote utahama na mimi.