Jinsi nilivyomfundisha binti yangu kutoa kwa kukopa

Binti yangu yuko P.3 (darasa la tatu la msingi) hapa Arua, Uganda. Ukimpa 42 − 17, anaandika 35. Nilidhani anabahatisha, hadi nilipomwambia afanye kwa sauti: "Mbili toa saba haiwezekani, basi saba toa mbili, tano. Nne toa moja, tatu." Kumbe ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu! Mazoezi mia yangekomaza kosa lilelile tu.

Vijiti havikusaidia, alivihesabu kimoja kimoja mpaka akapotea. Kilichofaa ni kikopo changu cha mauzo ya mandazi. Nilimpa noti nne za 1,000 na sarafu mbili za 100, nikamwambia, "Nilipe 1,700." Akatoa noti moja, kisha akakwama. "Mama, sarafu hazitoshi. Nivunjie hii." Nikampa sarafu kumi, akawa na kumi na mbili, akanisukumia saba. Mkononi zikabaki noti mbili na sarafu tano.

Ndipo tukarudi kwenye daftari: akakata 4, akaandika 3 juu yake, 2 ikawa 12. Jibu 25.

Hesabu za sifuri, kama 50 − 23, zilichukua jioni mbili zaidi.