Kumtafutia Mtoto Mdogo Mwalimu wa Kuogelea na wa Ngoma

Nimekulia Temeke, Dar es Salaam, mahali ambapo bahari si mbali, na bado nimefikisha miaka 34 bila kujua kuogelea. Siku za sikukuu tulipelekwa Coco Beach tukiwa na nguo mpya, tukaruhusiwa kuingia majini mpaka magotini, huku mama akisimama ufukweni na kutuita kila wimbi lilipokuja. Simlaumu, kwa sababu naye hakufundishwa, na mzazi anayeyaogopa maji hana la kumfundisha mwanawe ila kuyaogopa. Binti yangu alipotimiza miaka miwili na nusu, niliamua kwamba hofu hiyo iishie kwangu.

Nilianza na dansi, nikidhani hilo ndilo lingekuwa rahisi. Madarasa niliyoyapata kwa kuwauliza akina mama wenzangu yalikuwa Masaki, Oysterbay na Mikocheni, na mengi yalifundisha baleti kwa watoto waliokwisha kutimiza miaka 3 au 4. Sisi tunaishi Tabata. Kumpitisha mtoto katika foleni ya Barabara ya Mandela siku ya Jumamosi ili acheze kwa nusu saa, kisha kurudi naye akiwa na njaa na usingizi, niliona ni kumtesa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku, kwa michezo ya namna mbalimbali. Nilipoisoma hesabu hiyo nilielewa kwamba darasa la mara moja kwa wiki, hata liwe zuri namna gani, ni sehemu ndogo tu, na kwamba kucheza kwenyewe lazima kufanyike nyumbani.

Basi nikampeleka Kijiji cha Makumbusho, pale Barabara ya Bagamoyo, tukatazame ngoma. Alisimama karibu na wapigaji, akatulia kwa muda mrefu, kisha magoti yakaanza kukunjuka na kukunjika yenyewe. Baada ya siku hiyo nilikwenda kwa jirani yetu, mama mtu mzima aliyewahi kucheza katika kikundi cha utamaduni, nikamwomba amfundishe. Alinieleza kwamba mtoto wa umri huu hafundishwi hatua wala hesabu za miguu, hufundishwa kusikiliza. Anapiga ngoma ndogo na watoto wanne au watano wanacheza uani kwake, na ngoma ikinyamaza nao wananyamaza palepale walipo. Huo ndio mchezo wote, na sijaona mtoto aliyeuchoka.

Kuogelea kulinichukua muda mrefu zaidi, na hapa naomba wazazi wenzangu wanisikilize vizuri. Bwawa la kwanza nililotembelea lilikuwa safi na la kupendeza, lakini nilihesabu watoto kumi na watano kwa mwalimu mmoja, wote wamevishwa maboya ya mikononi, na mwalimu mwenyewe amekaa ukingoni na simu. Tuliondoka bila kulipa. Maboya hayo humfanya mtoto aelee akiwa wima, ambao ndio mkao wa mtu anayezama, na humzoesha kuamini kwamba maji yatambeba siku zote. Siku atakapotumbukia bila maboya, imani hiyo ndiyo itakayomponza.

Mwalimu tuliyemchagua hatimaye hupokea watoto watatu tu kwa wakati mmoja, na sharti lake la kwanza ni kwamba mzazi aingie majini pamoja na mwanawe, asikae mbali kuliko urefu wa mkono. Wiki za mwanzo hakukuwa na kupiga mbizi wala kurusha miguu. Walipuliza mapovu, wakajifunza kushika ukingo, kugeuka na kurudi ukutani, kisha kulala chali huku kichwa kimekaa kwenye kiganja cha mzazi. Binti yangu akianza kutetemeka hutolewa mara moja, hata kama muda haujaisha, kwa kuwa mwili mdogo hupoteza joto upesi.

Mwalimu huyo pia ndiye aliyeniuliza swali ambalo sikulitarajia: nyumbani maji mnayaweka wapi? Sisi, kama nyumba nyingi za jiji hili, hukinga maji kwenye ndoo na mapipa kwa sababu ya mgao. Mtoto mdogo ana kichwa kizito kwa kulinganisha na mwili wake, na akiinamia ndoo akatumbukia hawezi kujinyanyua. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema kwamba mafunzo yanayoanzia umri wa mwaka 1 yanaweza kupunguza hatari ya kuzama, lakini wanasisitiza kwamba hakuna mafunzo yanayoiondoa kabisa. Jioni ileile nilinunua vifuniko vya mapipa, na ndoo zote tukazihamishia bafuni, tukapachika komeo juu ya mlango.

Sasa tunakwenda bwawani kila Jumamosi saa tatu asubuhi, kabla ya jua kali na kabla ya usingizi wake wa mchana, na jioni anacheza uani kwa jirani. Juzi alilala chali juu ya maji kwa pumzi kadhaa, kiganja changu kikimgusa kidogo tu. Nami nimejiandikisha katika darasa la watu wazima, Jumatano jioni, kwa mwalimu yuleyule.