Nimechoma mahindi kama ya mitaani Meksiko

Jamani, leo nimechoma elote nyumbani na nimefurahi mno! Ni yale mahindi ya kuchoma wanayouza mitaani Meksiko.

Nilichagua mahindi mabichi, nikayakunja maganda nyuma yawe mshikio, nikayaweka juu ya makaa yaliyokolea. Geuzageuza mpaka punje zishike madoa meusi huku ndani zikiwa bado na maji. Sisi hapo tungepaka ndimu, chumvi na pilipili, tukala. Wao ndiyo kwanza wanaanza! Hindi likiwa bado la moto linapakwa mayonezi iliyochanganywa na krimu chachu, linaviringishwa kwenye jibini iliyosagwa, linanyunyiziwa pilipili ya unga, kisha linakamuliwa ndimu. Ndimu usiibanie hata kidogo, ndiyo inayokata ule unono wote.

Jibini yao inaitwa cotija, kwa jina la mji wa Cotija, jimbo la Michoacán. Ni kavu, ina chumvi nyingi na haiyeyuki kirahisi. Hapa Dar nilitumia feta, nayo imekubali vizuri sana, ila chumvi nyingine usiongeze kabisa.

Mama hapendi kung'ata gunzi, kwa hiyo lake nilipukuchua kwa kisu nikachanganya kila kitu kwenye bakuli. Huko Meksiko punje za namna hiyo huuzwa kwenye vikombe, zinaitwa esquites. Amekula kwa kijiko, akaomba tena, na Jumamosi nimeagizwa nichome mengine.